Ukuta wa mshipa ndio unaogawa mafuta

Mgonjwa wa sukari hapa Bukavu akipokea karatasi ya labo iliyoandikwa triglisaridi (mafuta ya damu) 260 mg/dL, maneno mawili humfikia upesi: acha mafuta, punguza uzito. Kwa mtu mwenye kitambi anayekunywa pombe kila jioni, ushauri huo una maana. Lakini mpe mama wa Kadutu, mtaa wa mlimani, mwenye kilo 52, anayepanda mlima na mzigo mgongoni, ambaye sukari yake bado inaamka 240, uone kama utamfaa. Hana uzito wa kupunguza, na mafuta anayokula ni kijiko cha mawese kwenye sombe (majani ya muhogo). Tumezoea kuuliza mafuta ni mengi kiasi gani ndani ya damu. Hatuulizi yanaingia kwenye kiungo gani, wala nani anayeyafungulia.

Jibu la swali hilo la pili limekuwa likijitokeza tangu 2010, tena kutoka upande ambao wataalamu wa lishe hawakuwa wakiutazama: kwenye vichocheo vya ukuaji wa mishipa ya damu. Msimamo wetu ni kwamba seli zilizotandikwa ndani ya mshipa huchagua mafuta yaende wapi, na vichocheo hivyo ni sehemu ya amri zinazozifanya zichague. Msimamo huo una upande wake wa pili. Kuna watu wenye haraka ya kugeuza elimu hii kuwa dawa za kufunga njia ya mafuta, na haraka hiyo inaweza kuwaumiza watu wa Kivu kabla haijamgusa mtu wa Ulaya.

Tuifuate sahani moja. Sombe imeungwa kwa vijiko vikubwa vitatu vya mawese. Kila kijiko kina gramu 14 hivi, karibu kalori 120. Takriban asilimia 44 ya mafuta hayo ni asidi ya palmitiki, na asilimia 40 ni asidi ya oleiki. Yakifika utumbo mwembamba, nyongo huyavunja kuwa matone madogo na lipasi ya kongosho, kimeng'enya cha kukata mafuta, huyakata vipande. Seli za utumbo hupokea vipande hivyo, huviunganisha upya kuwa triglisaridi, kisha huzifunga ndani ya chembe ziitwazo kilomikroni, pamoja na vitamini A iliyotokana na ule wekundu wa mawese. Kilomikroni ni kubwa mno kupenya kwenye kapilari za damu za utumbo. Zinaingia kwenye mshipa wa limfu ulio katikati ya kila kinyweleo cha utumbo, zinapanda kifuani, na kumwagika kwenye damu chini ya mtulinga wa kushoto. Yaani mafuta ya chakula, tofauti na sukari, hayapiti kwanza kwenye ini. Hata baadhi ya wauguzi husema kinyume. Asidi fupi tu, zenye kaboni 8 hadi 10, ndizo zinazokata njia ya mshipa wa ini, na ndiyo sababu mgonjwa ambaye limfu yake inavuja kifuani hulishwa mafuta ya aina hiyo.

Saa 3 hadi 5 baada ya mlo, kilomikroni ziko kwa wingi kwenye damu. Zinafika kwenye kapilari zenye upana wa mikromita 5 hadi 10, na hapo hukutana na kimeng'enya kiitwacho lipoproteini lipasi, ambacho kimeshikizwa kwenye ukuta na protini GPIHBP1 iliyotambuliwa mwaka 2007. Anayezaliwa bila protini hiyo hupata triglisaridi za maelfu na kongosho lake huvimba mara kwa mara, ingawa lipasi yake ni nzima: inatengenezwa ila haifiki ukutani. Baada ya kula, insulini huongeza lipasi hiyo kwenye tishu ya mafuta. Mtu akifunga, protini ANGPTL4 huizima huko. Msuli uliofanya kazi huongeza ya kwake. Hatua hii ya kwanza inafahamika vizuri na haina ubishi mkubwa.

Ubishi uko kwenye hatua inayofuata. Asidi za mafuta zikishakatwa kutoka kwenye kilomikroni, ni lazima zivuke seli ya ukuta wa mshipa kabla ya kuufikia msuli, na hapo ndipo kinapoingia VEGF-B, kimoja cha vile vichocheo vya ukuaji wa mishipa.

Ndugu yake mkubwa, VEGF-A, alijulikana Marekani mwaka 1983 kama kitu kinachofanya mishipa ivuje, kisha mwaka 1989 akatambuliwa kuwa ndiye anayeiotesha. VEGF-B aligunduliwa mwaka 1996 na watafiti wa Stockholm na Helsinki, na kwa miaka mingi hakueleweka: panya waliozaliwa bila yeye waliishi, wakazaa, na mishipa yao ilikuwa karibu ya kawaida. Mwaka 2010 Carolina Hagberg na Ulf Eriksson wa taasisi ya Karolinska walionyesha kwamba misuli na moyo wenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli) nyingi hutoa VEGF-B nyingi, nayo huuambia ukuta wa mshipa, kupitia vipokezi VEGFR1 na neuropilini-1, utengeneze protini za kubeba asidi za mafuta, FATP3 na FATP4. Panya wasio na VEGF-B walipitisha mafuta machache kwenda moyoni na misulini. Mafuta hayo hayakupotea, yalielekezwa kwenye tishu nyeupe ya mafuta, na moyo ukatumia glukosi zaidi. Mwaka 2012 kundi hilohilo lilitumia kingamwili ya kuizuia VEGF-B kwa panya wenye kisukari, na sukari yao ikashuka, insulini ikafanya kazi vizuri zaidi.

Mtu akisoma hadi hapo tu anaweza kudhani dawa imepatikana. Mantiki yake ni nzuri. Mafuta yakizidi kwenye msuli kuliko uwezo wake wa kuyachoma, mabaki yake, diasiligliseroli na seramidi, huvuruga ishara ya insulini ndani ya seli, na palmitiki ya mawese ndiyo mali ghafi ya seramidi. Hata kabla ya hapo, mwaka 2008, panya ambao mioyo yao ililazimishwa kutoa VEGF-B kupita kiasi walikuwa wameonyesha seramidi nyingi moyoni na moyo ulionenepa. Kila kitu kilionekana kukubaliana.

Lakini mwaka 2014 watafiti wa Finland walichukua koo mbili tofauti za panya wasio na VEGF-B, wakawalisha mafuta mengi, na hawakuyaona yale mabadiliko ya kimetaboliki. Mwaka 2016 kundi la Helsinki likaenda mbali zaidi: liliongeza VEGF-B kwa panya, badala ya kuizuia, na wanene wakapata nafuu. Maelezo yao yanaingia akilini. VEGF-B ikikalia kipokezi VEGFR1, VEGF-A inakosa nafasi pale na kuhamia kipokezi kingine, VEGFR2, na hapo mishipa mipya inaota ndani ya tishu ya mafuta, damu inafika, insulini inafika. Kwa hiyo kundi moja linafunga, kundi jingine linafungua, na wote wanasema sukari imepungua. Kwetu sisi mkanganyiko huu ni sababu tosha ya kutomwahidi mgonjwa yeyote dawa ya VEGF-B. Ila mkanganyiko huo haufuti jambo la msingi: pande zote mbili zinakubali kuwa ukuta wa mshipa unaathiri mahali mafuta yanapotua. Zinatofautiana kuhusu kitasa kipi kinageuzwa, kwenye tishu gani.

Jambo la mahali pa kutua ndilo linalomhusu yule mama wa kilo 52. Tishu nyeupe ya mafuta ikiwa nzima ni ghala halali. Anayezaliwa bila tishu hiyo ni mwembamba kabisa, na bado ana sukari ngumu kutibu, ini lililojaa mafuta na triglisaridi za juu, kwa kuwa mafuta yake hayana pa kukaa isipokuwa kwenye msuli na ini. Afrika tulishuhudia jambo linalofanana na hilo kwa watu waliotumia stavudini dhidi ya VVU: mashavu na miguu vilikonda, sukari na triglisaridi zikapanda, hadi Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 likataka dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua. Wembamba hautoshi kuwa kinga. Kisukari cha mtu mwembamba si kitu cha ajabu katika Kivu Kusini, na kwa mtu wa aina hiyo kumwambia apungue ni kumpunguzia ghala. Kwake vipimo vya kufuatilia ni kiuno na uwezo wa kongosho kutoa insulini, kuliko mzani.

Ghala lenyewe pia linahitaji mishipa. Seli ya mafuta ikinenepa hupita mikromita 100, na oksijeni haisambai vizuri zaidi ya umbali wa namna hiyo kutoka kwenye kapilari. Seli zinakosa hewa, tishu inajaa nyuzi za kovu, uvimbe unaanza, na mafuta yanarudi kwenye damu. Panya walioongezewa VEGF-A kwenye tishu ya mafuta kabla ya kunenepa walikingwa. Walipokuwa wameshanenepa na tishu imeshaharibika, kuizuia VEGF-A ndiko kulikosaidia. Utafiti huo wa Dallas wa mwaka 2012 unastahili kukumbukwa kila mtu anapouliza kama kichocheo fulani ni kizuri au kibaya, kwa kuwa jibu lilibadilika kwa kubadilika kwa wakati. Na mwaka 2002 kundi la Judah Folkman wa Boston lilikuwa tayari limewapa panya wanene dawa za kuzuia mishipa: walikonda kweli, na dawa ilipositishwa wakanenepa tena.

Sasa tuje kwenye njia ambayo inatutia wasiwasi zaidi, ile ya utumbo. Seli za mshipa wa limfu wa utumbo zimeshikana kwa namna mbili. Katika namna ya vifungo, zinashikana kwa vituo vilivyoachana, na kilomikroni hupita katikati. Katika namna ya zipu, mshono umefungwa moja kwa moja na hakuna kinachopita. Mwaka 2018 kundi la Anne Eichmann wa Yale liliondoa VEGFR1 na neuropilini-1 kwenye kuta za mishipa ya panya. VEGF-A ikabaki nyingi, ikasukuma VEGFR2, na vifungo vikageuka zipu. Panya walikula mafuta mengi na hawakunenepa. Ajabu ni kwamba VEGF-A hiyohiyo, inayofanya mishipa ya damu ivuje, huku kwenye limfu ya utumbo ilifunga. Mwaka 2015 ilikuwa imeonekana pia kwamba panya aliyekomaa akinyimwa VEGF-C, ndugu mwingine wa VEGF-A, mishipa hiyo ya limfu husinyaa, na mafuta hutoka na choo.

Wapo wanaoiona njia hii kama tiba ya unene ya kesho. Sisi tunaihesabu gharama yake kwa sahani ya Bukavu. Kilomikroni isiyopita imebaki na kila ilichobeba: vitamini A, D, E na K. Mtoto wa huku anayepata karibu vitamini A yake yote kutoka mawese na mboga hana akiba ya kuchezea. Na katika nyumba moja anaweza kuwepo shangazi mnene mwenye tansio na mtoto mwenye kwashakoo, ambaye ini lake limejaa mafuta, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba halina protini ya kutosha kuyafungasha na kuyatoa. Dawa ya kufunga njia ya mafuta ikiingia katika nyumba kama hiyo, ikiuzwa dukani bila karatasi ya docta, nani atahakikisha inabaki mkononi mwa shangazi? Orlistati, dawa ya unene inayozuia lipasi ya utumbo na kupoteza karibu asilimia 30 ya mafuta ya mlo, tayari inadai mtumiaji anywe vitamini hizo kando, kwa kutenganisha saa 2. Dawa ya kufunga limfu ingedai zaidi ya hapo.

Kuna njia ya kuligeuza jambo hili bila kufunga kitu, nayo ni msuli. Msuli unaotumika huamsha PGC-1α, protini inayowasha jeni za nishati, ambayo tangu 2008 inajulikana kuongeza VEGF-A na kuotesha kapilari hata bila upungufu wa oksijeni. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba PGC-1α hiyohiyo hufanya msuli utoe 3-HIB, kitu kidogo kinachotokana na kuvunjwa kwa valini, na kitu hicho huufungulia ukuta wa mshipa upitishe asidi za mafuta. Hapa kuna fundisho la hatari pia: panya walionyweshwa 3-HIB bila kufanya kazi walijaza mafuta misulini na insulini yao ikalegea. Mafuta yakiingia msulini na kuchomwa hayadhuru. Yakiingia na kukaa, ndipo ugonjwa unapoanza. Bukavu ni mji wa vilima, na mtu aliyekuwa akipanda kwa miguu kutoka Nyawera kwenda soko la Kadutu alikuwa anafanya kazi hiyo kila siku bila kuipa jina. Moto, yaani pikipiki ya abiria, imemwondolea kazi hiyo. Mazoezi ya jioni hupunguza triglisaridi za baada ya mlo wa kesho yake, kwa hiyo kuteremka moto kabla ya mlima na kuumaliza kwa miguu, siku 5 kwa wiki, jumla dakika 150, ni agizo ambalo docta anaweza kuliandika kwenye karatasi kama anavyoandika metformini.

Yote haya yanategemea kipimo kilicho sahihi, na makosa mengi huanzia labo. Kwanza vipimo vya karatasi: 1.5 g/L ni sawa na 150 mg/dL na ni sawa na 1.7 mmol/L. Mgonjwa anayebadilisha labo huambiwa amepona au amezidiwa kumbe kimebadilika kizio tu. Mgonjwa afunge saa 12, maji yanaruhusiwa, pombe aiache tangu jana yake. Kamba ya mkono isizidi dakika 1, la sivyo damu inakolea. Seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda, itenganishwe ndani ya saa 2. Ikionekana nyeupe kama maziwa, isitupwe: iachwe wima kwenye friji usiku kucha kwa nyuzi 4. Asubuhi, utando wa krimu juu na maji safi chini maana yake ni kilomikroni, yaani aidha mgonjwa alikula au lipasi yake haifanyi kazi. Weupe uliosambaa sawasawa ni mafuta yaliyotengenezwa na ini. Kutofautisha hivyo hakuhitaji mashine, ila friji yenye umeme usiokatika.

Damu yenye mafuta ya namna hiyo hudanganya vipimo vingine. Sodiamu huonekana chini kuliko ilivyo. Hemoglobini ya mashine huonekana juu, kosa baya mahali penye malaria, kwani linaficha upungufu wa damu. Hesabu ya LDL (kolesteroli iitwayo mbaya) kwa kanuni ya Friedewald haifai triglisaridi zikipita 400 mg/dL. Mgonjwa aliyechomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asipimwe triglisaridi saa zinazofuata: heparini hubandua lipasi kutoka ukutani na kuimwaga kwenye damu, nayo huendelea kukata mafuta hata ndani ya chupa. Na mtu akileta matokeo ya VEGF yaliyopimwa kwenye seramu, tusiyategemee, kwani damu ikiganda chembe sahani humwaga VEGF yao na namba hupanda. Ipimwe kwenye plazma, maji ya damu iliyozuiwa kuganda, iliyozungushwa mapema.

Mahali ambapo kuzuia VEGF kumeshathibitika kwa mgonjwa wa sukari ni jicho. Retina iliyokosa oksijeni hutoa VEGF-A, mishipa dhaifu inaota na kuvuja. Bevasizumabu, dawa ya kuzuia VEGF-A, huchomwa ndani ya jicho kwa miligramu 1.25 katika mililita 0.05. Kwa saratani, mtu wa kilo 70 hupewa walau miligramu 350 mshipani, na kwa kiasi hicho tansio hupanda na protini huonekana kwenye mkojo, kwa sababu figo nayo inaishi kwa VEGF-A. Tofauti hiyo ya dozi, zaidi ya mara 250, inaonyesha kwa nini kuzuia mahali padogo na kuzuia mwili mzima ni mambo mawili.

Sindano hizo hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni, na huhitaji mtaalamu wa macho na chumba safi. Kwa wengi wa Kivu Kusini hilo haliko karibu. Ndiyo maana fenofibrati, kidonge cha zamani cha triglisaridi kinachoongeza kazi ya lipasi, inastahili kujadiliwa zaidi kuliko inavyojadiliwa. Utafiti wa FIELD mwaka 2007 ulionyesha wagonjwa wa sukari waliokitumia walihitaji leza ya macho kwa uchache zaidi, ACCORD mwaka 2010 ukaonyesha retina kuharibika polepole zaidi, na mwaka 2024 utafiti wa LENS wa Scotland ukapata upungufu wa asilimia 27 wa kuendelea kwa ugonjwa wa retina au kuhitaji matibabu yake, kwa watu ambao dalili zao zilikuwa bado za mwanzo. Kabla ya kukiandika, kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ipimwe: figo ikichuja chini ya mililita 30 kwa dakika kisitolewe, na kati ya 30 na 60 dozi ipunguzwe. Kreatinini ipimwe tena baada ya wiki chache, kwani hupanda kidogo, na kisichanganywe na jemfibrozili, dawa nyingine ya jamii yake.